Glavu za Bibi Abiah

Mama mkwe wangu, Abiah Tilden, alifariki Jumanne asubuhi, akiwa tayari amenikosoa mara mbili. Kwanza, uji wa mahindi ulikuwa na madonge. Pili, majani ya tumbaku ndani ya kasha lake yalikuwa yameisha harufu, na kama kweli mimi ni mwanamke wa nyumba ningeyabadilisha kabla nondo hawajamaliza kila kitu. Nikamwambia nitayabadilisha nikishafua. Akageukia ukuta, akavuta pumzi tatu za kelele, akanyamaza.

Alikuwa na miaka themanini na moja. Nilimfumba macho, nikamfunga kidevu kwa kitambaa, nikaipua sufuria uji usiungue, ndipo nikaenda karakana kumwita mume wangu.

Eliphalet alikuwa ameinamia pipa la maji ya moto, mikono myekundu hadi viwikoni, akikanda manyoya yawe kofia. Aliponiona mlangoni alielewa bila kuambiwa.

"Kasema nini?" akauliza.

"Kaulizia tumbaku."

Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa aproni iliyolowa na kujipaka rangi nyeusi uso mzima. Alipotulia akanitazama.

"Keziah, na zile glavu?"

Nami hicho ndicho nilichokuwa nikikiwaza tangu nilipoipua sufuria.

Katika mji wetu wa Merrow msiba hautangazwi kwa mdomo. Unatuma glavu. Ukitaka mtu aje kumzika mzazi wako, unampelekea jozi moja nyumbani kwake, naye anakuja akiwa amezivaa. Asiyepelekewa anakaa kwake, na anaweza kukununia mpaka kufa. Mkunga aliyezalisha nusu ya mji, kama Bibi Abiah, alistahili glavu kila nyumba. Mwezi Septemba, homa ilipomlaza mara ya kwanza, alimshika Eliphalet mkono akamwambia, "Nimezika nusu ya mji huu. Nusu iliyobaki itanizika mimi, na kila mtu awe na glavu. Niapie." Akaapa. Mimi nilikuwa hapohapo nikimwaga beseni.

Tatizo ni kwamba glavu zilitoka Uingereza, na mwaka huo wa 1769 sisi tulikuwa tumeapa kutonunua kitu cha Uingereza.

Sisi tulianza kuumia zamani, kabla ya kodi hizi mpya. Mume wangu ni mtengeneza kofia, na kuna sheria ya Bunge la London inayosema kofia iliyotengenezwa katika koloni moja isipakiwe juu ya gari wala farasi kupelekwa koloni jingine. Nyuma ya nyumba yetu kuna mto. Ng'ambo ya mto ni New Hampshire, koloni jingine. Wateja tunawaona kwa dirisha la jikoni. Manyoya ya biva, yule mnyama wa majini, yanatoka mitoni kwetu, yanavuka bahari, yanarudi yakiwa kofia za London kwa bei mara tatu, na hizo zinaruhusiwa kwenda popote. Za Eliphalet haziruhusiwi kuvuka maji ambayo bata anayavuka. Kwa hiyo watu wa ng'ambo walikuwa wanakuja kichwa wazi kwenye theluji na kurudi kwao wamevaa, maana sheria haikukataza kichwa. Mzee mmoja alirudi na tatu, moja juu ya nyingine, na mtu wa ushuru akaishia kumtakia safari njema.

Halafu zikaja kodi za karatasi, kioo, rangi na chai, zikipitishwa na Bunge ambalo ndani yake hatukuwa na mtu hata wa kukohoa kwa niaba yetu. Hapo ndipo mji ulipokutana kanisani, ikaandikwa karatasi ya ahadi yenye orodha ndefu ya vitu ambavyo hatutavinunua mpaka kodi ziondolewe. Glavu za misiba zilikuwa mstari wa nne. Shemasi Jabez Corwin alisaini wa kwanza, akachaguliwa kusimamia ahadi. Eliphalet alisaini wa pili.

Sasa akawa na viapo viwili, na kimoja kikitimizwa kingine kinavunjika.

Kabla sijamaliza kumwosha marehemu, mlango uligongwa. Alikuwa Lemuel Gadsby mwenye duka, mmoja wa watu wachache wa Merrow ambao hawakusaini. Mvua ilikuwa inamtiririka puani, na chini ya koti lake alikumbatia sanduku.

"Pole sana, Bi Keziah."

"Umewahi, Bwana Gadsby. Mwili bado una joto."

"Msiba hausubiri." Akaweka sanduku juu ya benchi la kibarazani, akafungua kifuniko. "Glavu jozi sitini. Ngozi laini, nyeupe pee. Na sitaki hata shilingi. Bibi Abiah alinipokelea watoto wote wanne."

"Tangu lini wewe ukatoa kitu bure? Mchungaji mwenyewe ulimtoza uzi wa kushonea kifungo."

Akatabasamu. Gadsby hana aibu, na hilo ndilo linalomfanya awe mfanyabiashara mzuri. "Sikia, dada yangu. Mji huu unampenda marehemu kuliko unavyoipenda ile karatasi. Mkituma hizi, kila nyumba itazipokea, na kila mtu atazivaa. Kitu ukishakivaa mbele za watu, huwezi kurudi nyumbani ukahubiri dhidi yake. Msiba huu ukipita, karatasi imekufa, na mimi naendelea na duka langu. Wote tutakuwa tumepona."

Eliphalet alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Dada yake Zerviah, anayekaa nyumba ya pili, naye alikuwa ameshafika na machozi yake.

"Kaka, chukua," Zerviah akasema. "Uliapa. Nilikuwepo."

"Na kwenye karatasi niliapa."

"Karatasi haikukunyonyesha!"

Eliphalet alilitazama sanduku. Nilimjua. Angeachiwa dakika moja zaidi angelichukua lile sanduku, na kesho yake angechukia mikono yake mwenyewe.

"Tutakupa jibu kesho," nikamwambia Gadsby.

"Basi niliache hapa, lisilowe."

Nilikuwa na maiti ya kuosha na mkate tanurini. Nikasema liache. Hilo lilikuwa kosa langu, na kibaraza chetu kinatazamana na njia ya kwenda kisimani.

Tulipomaliza kumvisha marehemu, nikakumbuka tumbaku. Sikutaka deni na Bibi Abiah hata akiwa amekufa. Nikachukua majani mapya, nikamwita Zerviah anisaidie kuinua kifuniko cha kasha.

Ndani zilikuwa glavu. Tulijua anazo. Mkunga anaitwa kwenye kila kuzaliwa na kila kifo, na kwa miaka hamsini alikuwa akiletewa jozi. Wakunga wengine huziuza. Yeye alizipanga tabaka kwa tabaka, majani ya tumbaku katikati, nyeupe zilizokuwa za manjano sasa, nyeusi zilizokuwa kijivu. Nondo walikuwa wamepita kwenye baadhi.

Zerviah alichukua moja, akaigeuza pindo la kwenye kifundo ili aone ukubwa wa shimo. Akasimama hivyohivyo.

"Wifi, njoo uone."

Kwa ndani, kwa uzi mwekundu, ilishonwa L.T. na mwaka 1735. Lois Tilden, dada yao, aliyekufa kwa ugonjwa wa koo akiwa na miaka sita. Nikageuza nyingine. Na nyingine. Zote zilikuwa na herufi. Bibi Abiah hakujua kuandika kwa kalamu, lakini sindano ilimtii tangu akiwa msichana, kama wanawake wote wa rika lake waliofundishwa kutia alama mashuka. Kila mtu aliyemzika alikuwa humo ndani.

Zerviah akaketi sakafuni akalia kwa kweli sasa, si kile kilio cha kibarazani. Nilimwacha alie. Mimi nilikuwa nahesabu nyumba kichwani.

"Hizi zilinunuliwa kabla ya karatasi," nikasema. "Nyingine zilinunuliwa kabla Mfalme huyu hajazaliwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tunazituma hizi. Kila jozi irudi kwenye nyumba iliyoitoa."

Akanitazama kana kwamba nimesema tumpike marehemu. "Umpelekee mtu glavu ya maiti wake? Zina matundu, zinanuka tumbaku! Watasema tumewatukana."

"Watasema mengi. Lakini hawatasema tumenunua."

Tukampelekea Eliphalet swali hilo karakana. Aliishika ile ya Lois muda mrefu.

"Mama alisema kila mtu awe na glavu," akasema mwishowe. "Hakusema mpya."

Jumatano asubuhi mimi na Zerviah tukatoka, kila mmoja na kikapu. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya Shemasi Jabez, kwa sababu ukitaka kuvuka mto, anzia palipo na kina. Jabez ni mgane, mrefu kiasi cha kuinama kwenye mlango wake mwenyewe, na tangu achaguliwe kusimamia ahadi alikuwa anakagua hata vifungo vya watu. Nikamsalimu, nikamnyooshea jozi yake.

Hakuipokea.

"Sanduku la Gadsby liko kibarazani kwako tangu jana," akasema. "Mji mzima umeliona."

"Lipo. Halijaguswa."

"Na hizi ni nini?"

"Ni za Mama, za kwenye kasha. Geuza pindo uangalie ndani."

"Sihitaji kuangalia ndani ya glavu kujua imetoka Uingereza."

"Shemasi, hata babu yako alitoka Uingereza na hatujamfukua."

Nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo. Uso wake ulikauka. "Mume wako alisaini chini ya jina langu, Bi Keziah. Wino wa jina lake umegusa wa kwangu. Nilimpenda mama yenu kuliko unavyojua, lakini hizi kuukuu zinazifungulia njia za Gadsby tu, nami sitambeba nazo, na hakuna mtu wa Merrow atakayembeba." Akafunga mlango.

Nikaziweka glavu kizingitini, nikazigandamiza na jiwe upepo usizichukue, nikaendelea na safari.

Kwingine hakukuwa bora. Habari za sanduku zilinitangulia kila nyumba, na glavu zangu kuukuu zikaonekana kifuniko tu cha zile mpya. Wengine walipokea kwa vidole viwili, kama unavyomshika panya kwa mkia. Wengine walichungulia dirishani wakanyamaza mpaka niondoke. Hakuna hata mmoja aliyegeuza pindo mbele yangu. Ukiamini umeshaijua siri ya kitu, hukipekui. Zerviah alirudi viatu vimejaa tope na kikapu kitupu, maana naye alikuwa anaziacha glavu vizingitini.

"Nilikwambia," akasema.

"Uliniambia. Vua viatu."

Kisha nikafanya ujinga wa pili. Nililibeba lile sanduku mwenyewe, kwa hasira, katikati ya barabara, kulirudisha dukani. Nilitaka mji wote unione. Na kweli uliniona, ukasema, "Haya, sasa anagawa zilizobaki." Gadsby alinipokea kwa upole wa mtu anayejua mvua itanyesha.

"Ukinihitaji kesho," akasema, "nipo."

Alhamisi saa nane mchana kengele ya kanisa ilipigwa mara sita, ndiyo ishara ya mwanamke, kisha themanini na moja. Inachukua muda mrefu kusikiliza mapigo themanini na moja mkiwa mmekaa na jeneza. Nilikuwa nimeoka mikate kumi na miwili na kuchemsha chungu kikubwa cha maharage. Mvinyo wa matofaa ulikuwa mezani. Chumbani tulikuwa sisi, watoto, Mchungaji Whitlow mwenye mafua, na mume wa Zerviah ambaye mgongo wake haujanyooka tangu aanguke ghalani. Njia ilikuwa tupu.

"Labda wanasubiri kengele iishe," Zerviah akasema.

"Imekwisha."

Waliokuja walikuwa Gadsby na wanaume watano, watu wa forodha na vibarua wa ghala lake. Walisimama langoni kwa mstari, mikono mbele, glavu nyeupe zinang'aa kama meno.

"Sisi ni sita," Gadsby akasema kwa sauti ya chini. Hakuwa anadhihaki, na hilo lilinikera zaidi. "Bibi Abiah asikose wa kumbeba."

Eliphalet alisimama mlangoni.

"Mama hawezi kukaa humu ndani, Keziah," akaninong'oneza.

"Anaweza. Kuna baridi."

"Mke wangu."

"Fanya unavyoona. Nitakuwa nyuma yako vyovyote. Lakini usiniambie hawezi kukaa."

Akashuka ngazi mpaka kwa Gadsby. "Nashukuru kwa kuja. Vueni glavu, tubebe pamoja."

"Bwana Tilden, glavu ndiyo heshima yenyewe."

"Vueni."

Gadsby alitikisa kichwa, taratibu, kama mtu anayemhurumia mnunuzi asiye na pesa. Eliphalet akageuka, akarudi ndani, akashika kishikio cha mbele cha jeneza. "Nani mwingine?" akauliza.

Kwetu wanawake hawabebi jeneza. Nikashika kishikio cha pili. Zerviah akanitazama, akafuta pua, akashika cha tatu. Mchungaji akapiga chafya akashika cha nne. Mume wa Zerviah akashika cha tano, tukausikia mgongo wake ukilia. Cha sita kilibaki kinaning'inia.

Bibi Abiah hakuwa mnene, ila Eliphalet alikuwa amemtengenezea mbao nene. Tulimtoa ndani, tukamshusha ngazi, tukafika nusu ya ua. Upande wangu ukaanza kuinama.

"Mtueni chini," nikasema. "Tupumue."

Tukatua juu ya nyasi. Hapo ndipo nilipoinua kichwa nikamwona Jabez Corwin anakuja barabarani, hatua ndefu, bila kofia. Mikononi alikuwa amevaa glavu za manjano, kidole gumba kimoja kimeliwa na nondo. Alimpita Gadsby na watu wake kana kwamba ni nguzo za uzio. Akasimama mbele yangu.

"Kuna alama mbili," akasema.

Sikumwelewa mara moja. Akageuza pindo, akanionyesha. R.C., 1751. Ruth, mke wake. Na chini yake, kidogo kama punje ya mtama, msalaba wa uzi mwekundu na mwaka uleule.

"Mtoto," nikasema.

"Aliishi mpaka asubuhi. Hakuwahi kubatizwa. Hayumo kwenye kitabu cha kanisa. Miaka kumi na minane nimedhani niko peke yangu ninayejua kwamba alikuwepo."

Hata Mchungaji alizuia chafya.

"Asubuhi nilitoka na jiwe mkononi nizitupe mtoni," Jabez akaendelea. "Upepo ukaligeuza pindo. Nimepita kila nyumba tangu saa tatu. Nimewaambia waangalie ndani." Akanitazama. "Nilikufungia mlango, Bi Keziah."

"Ulinifungia. Shika hapa, ni mzito."

Akashika kishikio cha sita. Nyuma yake njia ilikuwa imejaa. Walikuja wawiliwawili, polepole, kila mtu na glavu zake kuukuu, nyingine nyeusi, nyingine rangi ya siagi, nyingine bila vidole. Mjane Penniman alikuwa amevaa ya mume wake mkono mmoja na ya mwanawe mkono wa pili. Vijana wawili wa ukoo wa Hale walikuwa wamegawana jozi ya bibi yao ambaye hawakumkuta duniani, na walikuwa wanagombana kwa minong'ono nani avae ya kulia. Harufu ya tumbaku ilifika kabla yao.

"Tupishe, Bi Keziah," mmoja wa wanaume akaniambia, akichukua nafasi yangu. Nilipisha.

Gadsby alibaki langoni. Watu wake walianza kuondoka mmojammoja. Nikaingiza mkono mfukoni mwa aproni, nikatoa jozi. Jumatano niliruka nyumba moja makusudi.

"Hii ni yako," nikamwambia. "Ningekuletea jana, lakini nilikuwa nimekukasirikia. Bado nimekukasirikia."

Aliigeuza. E.G., 1760. Mama yake, Esther, aliyewahi kunipa tofaa nilipokuwa mdogo na kuniambia nisimwambie mtu. Gadsby aliangalia herufi zile, kisha akaangalia mikono yake myeupe. Akazivua zile mpya, akazitia mfukoni, akavaa za mama yake. Zilikuwa ndogo. Zilimfika katikati ya kiganja tu. Akafuata msafara, mwisho kabisa, nyuma ya watoto.

Nisije nikadanganya: hakusaini karatasi. Hakusaini mpaka leo. Lakini lile sanduku la jozi sitini lilikaa rafuni kwake, na hakuna aliyeliulizia.

Tukamzika Bibi Abiah saa kumi, jua likiwa linaelekea ng'ambo ya mto. Kila mtu wa Merrow alikuwa na glavu, na karatasi ilikuwa bado imepigiliwa kwenye mlango wa kanisa. Eliphalet alipotupa udongo wa kwanza alisema kitu kimoja tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeongea na mtu aliyeko jikoni: "Haya, Mama. Kila mtu anazo." Kisha watu wakaja kwangu wakala mikate yote kumi na miwili, na wawili walinilalamikia maharage yalikuwa na chumvi.

Wiki iliyofuata mji ulikutana tena. Jabez alisimama akasema glavu zimefanya kazi yake ya mwisho, na kuanzia sasa msiba utangazwe kwa mdomo, jirani kwa jirani, na atakayesikia ahesabu kwamba amealikwa. Mzee mmoja akauliza, "Na adui yangu naye akisikia?" Jabez akamjibu, "Basi uwe na adabu siku hiyo moja." Watu walicheka, wakapiga kura, ikapita. Mtu mmoja aliuliza kama hilo litawatikisa kweli wakubwa wa London, glavu za kijiji. Eliphalet alisimama. Yeye si msemaji.

"Sijui," akasema. "Lakini wametuambia miaka mingi kichwa chetu kivae nini na wapi. Mikono angalau tumeiamulia wenyewe."

Mwezi Februari alikufa Obed Noakes, mvuvi wa mikunga, wale samaki kama nyoka, mtu mkali asiye na ndugu. Mimi ndiye niliyekwenda nyumba kwa nyumba, theluji magotini, nikisema kwa mdomo wangu: "Obed amefariki, tunamzika Jumamosi saa nane." Nilikuwa na wasiwasi. Mazoea ya miaka mia hayaondoki kwa kura moja. Usiku wa Ijumaa niliwaambia watoto wavae nguo nyingi, pengine tutakuwa sisi tu.

Jumamosi walikuja watu mpaka uzio wa makaburi ukalala. Kutoka ng'ambo ya mto walikuja pia, kumi na wawili, wote kichwa wazi. Eliphalet aliwatazama akaanza kupima vichwa kwa macho, nikamfinya. Kulikuwa na baridi ya kupasua mawe. Hakuna aliyekuwa amevaa glavu. Wabebaji sita walishika vishikio vya chuma kwa mikono mitupu, Jabez mbele, na kila baada ya hatua kumi walibadilishana na sita wengine ili vidole visigande. Hapakuwa na aliyesubiri kuitwa. Mtu akiona mwenzake anakunja uso, anaingia tu anashika.

Zerviah alikuwa pembeni yangu, mikono kwapani.

"Wifi, vidole vyangu sivisikii kabisa."

"Vipulizie," nikamwambia. "Ni hatua mia mbili tu zimebaki."